Lakiri, Batli na Kivuli

Mbao za vibanda vya hapa Mshangano, kata ya Manispaa ya Songea, humwita kila anayefungua simu kwa jina moja: fundi. Jina hilo linastahili heshima kubwa kuliko tunayolipa. Mzizi wake ni ule wa funda, fundisha, mafundisho na mwanafunzi. Fundi ni mtu aliyefundwa, aliyekaa na mjuzi mpaka mkono wake ukakubali. Nalitanguliza kwa sababu ninayemtafutia jina leo angetoshwa nalo, kama serikali na vyuo visingekuwa vimeligawa kwa madaraja: fundi mchundo, fundi sanifu, na juu yao mhandisi.

Ninayemtafutia jina ni mtu wa aina hii. Amesomea kompyuta, ameandika programu miaka kadhaa, kisha akaitwa mahakamani aeleze programu ya mwingine ilifanya nini, au ujumbe ulitoka kwenye simu gani na saa ngapi. Akaitwa tena na tena, hadi kueleza kukawa ndiyo kazi, na kuunda kukabaki ujuzi anaoutegemea anapoeleza. Watu wa namna hii tunao, polisi, maofisini na kwenye mabenki. Kiswahili chetu bado kinawazunguka kwa maelezo marefu.

Zamani tungeweza kungoja. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Februari ya mwaka huohuo Rais Magufuli alikuwa amempandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akisema wazi kwamba amefurahishwa na hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili huko Musoma. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili siku zote. Sasa mtaalamu wa programu naye anatakiwa kusema, na mshtakiwa anatakiwa kumwelewa.

Hapo ndipo ninapoweka mzani wangu. Istilahi njema ya mahakamani ni ile ambayo mshtakiwa, akiisikia mara ya kwanza, anaweza kuitungia swali. Mtu ameshtakiwa kwa kutuma ule ujumbe ambao wenye simu Tanzania wameuzoea, "Ile hela itume kwenye namba hii". Shahidi anapanda, anasema maneno ambayo mshtakiwa hana pa kuyashika. Haki ya kumhoji shahidi imebaki kwenye karatasi.

Tuanze na jina la kazi ya kwanza. Mhandisi ni muhandis wa Waarabu, nao walilipata Uajemi, kwenye neno lenye maana ya kipimo. Kwa asili basi mhandisi ni mtu wa vipimo. Injinia limekuja na Waingereza likinuka injini, na Watanzania wamelipenda kama cheo cha kutangulia jina. Kwa mtu wa programu nachagua mhandisi. Injini hana, lakini kupima anapima: muda, ukubwa wa kumbukumbu, idadi ya watumiaji ambao mfumo utawabeba kabla haujalemewa. Ningeandika "mhandisi programu", bila "wa" katikati, kama tunavyosema afisa elimu na bwana shamba.

Simu zenyewe zimechagua jina jingine. Fungua Android iliyo kwa Kiswahili, tafuta "Chaguo za wasanidi programu". Msanidi ameingia mifukoni mwetu kimyakimya, na vijana wameanza kumtumia. Sanidi ina maana ya kutunga na kupanga kwa ustadi, na hilo ni jema. Hofu yangu ni kwamba neno hilohilo limekwishapewa kazi ya pili, ya kuweka mipangilio ya kifaa kipya. Aliyesanidi programu aliiandika. Aliyesanidi simu aliiwasha tu, akachagua lugha na saa. Mahakamani tofauti hiyo inaweza kumfunga mtu au kumwachia.

Kuna jina la tatu ambalo sheria imetupa bila kulitangaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi la maandishi, pamoja na vitabu na vijitabu. Kwa sheria hiyo, aliyeiandika ni mwandishi. Nalipenda sana jina hili. Mwandishi ana mtindo, ana maneno anayoyarudia, ana makosa ya kuandika ambayo ni yake peke yake, na anayeiba maandishi huyaiba pamoja na makosa yake.

Mmarekani Bob Zeidman alijenga maisha yake ya kazi juu ya jambo hilo. Alikuwa mbunifu wa maunzi na programu, mawakili wakaanza kumwomba alinganishe programu mbili awaambie kama moja imetoka tumboni mwa nyingine. Akatengeneza zana ya kulinganishia. Mwaka 2012 alichapisha uchunguzi wake kuhusu tuhuma ya zamani kwamba DOS ya Microsoft ilinakiliwa kutoka CP/M. Alisema hakuona dalili ya kunakiliwa. Neno kuu la kazi yake ni linganisha, na kwa hilo hatuhitaji kikao cha istilahi.

Maunzi nimeyataja, niyaeleze. Unda hutoa kiunzi kama penda inavyotoa mpenzi na linda mlinzi: d hugeuka z mbele ya i. Waunda majahazi waliita kiunzi ule muundo wa mbao unaobeba chombo kwa ndani. Maunzi, yaani vile vifaa vya kompyuta vinavyoshikika, ni mtoto halali wa ukoo huo. Baadhi walijaribu "maunzi laini" kwa upande wa programu. Halikushika, na sababu naiona: programu haiguswi, kwa hiyo ulaini wake hauna pa kukaa. Programu imeshinda, na imeshinda kwa haki.

Kodi, kwa maana ya maandishi ya ndani ya programu, sitaki ishinde. Kodi ni ya TRA na ya mwenye nyumba. Shahidi akisema "nilikagua kodi ya benki hii", mahakama nzima itawaza ushuru. Msimbo upo na umezoeleka vya kutosha. Ningeongeza "msimbo asilia" kwa yale maandishi aliyoyaandika binadamu kabla mashine haijayafasiri kuwa yake. Postikodi ya vibao vya nyumba zetu haina shida, kwa kuwa kodi yake imefungwa ndani ya neno jingine na haiwezi kutoka kuja kumkanganya mtu.

Sasa kuhama kwenyewe. Tumezoea kusema "mhandisi aliyegeuka mchunguzi". Geuka ya Kiswahili ina kisu ndani yake. Rafiki aliyegeuka ni msaliti. Ongeza irabu moja upate geukia, na mtu anakuwa ameuelekeza uso wake kwenye jambo jipya kwa hiari. Mhandisi aliyegeukia uchunguzi: hiyo ndiyo kweli yake, kwa sababu uhandisi hakuuacha. Alibadili upande anaoutazama.

Kwa nini uchunguzi, na si upelelezi wala ukaguzi? Tanzania imekwishagawana maneno haya kwa ofisi. Polisi wana wapelelezi. TAKUKURU ina wachunguzi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana wakaguzi, na hesabu zinapotia shaka ofisi yake hufanya "ukaguzi wa kiuchunguzi". Mpelelezi humtafuta mtu. Mkaguzi hushika kanuni mkono mmoja na hesabu mkono wa pili. Chunguza ni jirani wa chungulia, na ndani yake mna jicho lililosogezwa karibu kabisa. Mtu wetu hatafuti mhalifu, wala si kazi yake kumtaja. Hukitazama kitu kilicholetwa mezani.

Lakini ni uchunguzi wa namna gani? Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hutumia "sayansi jinai". Ni istilahi fupi na imara, nami naiheshimu palepale ilipo, penye sumu, damu na dawa za kulevya. Shida yake ni hiyo jinai. Kesi nyingi za programu ni za madai. Katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises mwaka 2000, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikubali karatasi zilizochapwa na kompyuta zipokewe kama vitabu vya benki. Hapakuwa na mwuaji wala mwizi. Ilikuwa habari ya fedha za benki. Kazi ya Zeidman nayo ni ya hakimiliki na mikataba. Mtu anayezeekea kwenye mashauri ya namna hiyo, kumwita mwanasayansi jinai ni kumvika kofia ya mwingine.

Wazungu walilichota neno lao kwenye forum ya Roma, uwanja wa watu wote ambako mashauri yalisikilizwa. Nasi uwanja huo tunao, una jina, na Mshangano kama kata nyingine unaujua: baraza. Wanaofuatilia asili ya maneno huliunganisha na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujitokeza mahali pa wazi. Mwambao baraza ni pale nje ya nyumba pa kukaa jioni na wageni. Huku bara tunalo Baraza la Kata, ambalo siku hizi katika migogoro ya ardhi linasuluhisha bila kuhukumu. Mawaziri wanalo lao, wazee wanalo lao. Kote humo mna sauti inayosemwa mbele za watu na watu wakaijibu.

Kwa hiyo napendekeza "uchunguzi wa barazani", na mwenye kazi hiyo awe "mchunguzi wa barazani". Ni uchunguzi unaofanywa tangu dakika ya kwanza kwa kujua kwamba utawekwa hadharani na kuhojiwa, uwe wa jinai au wa madai, uishie kwa hakimu, kwa wasuluhishi au kwa bodi ya kampuni. Niliupima "uchunguzi wa kimahakama" nikauweka kando, kwa kuwa mahakama nayo huchunguza, na msikilizaji atadhani jaji ndiye aliyefungua simu. Atakayesema barazani ni pa mazungumzo tu, namjibu kwamba ushahidi nao ni mazungumzo: mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anasikiliza.

Anayeshuku kwamba istilahi ya sayansi yaweza kutoka kinywani mwa watu aitazame vinasaba. Nasaba ni ukoo, uzawa. Ukiipachika vi- ya udogo na wingi unapata vijitu vinavyobeba ukoo. Wakenya wengi husema DNA. Tanzania imeliweka vinasaba hata kwenye jina la sheria, ile ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Nani aliyelitunga? Ningemshika mkono.

Hapa Songea neno hilo lina mwili. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, na wazao wake wameendelea kulitafuta fuvu lake linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho makuu ya Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa Afrika Mashariki vimeoana na vya watu walio hai Tanzania. La Nduna Songea halikutajwa miongoni mwao. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akaomba msamaha, na akaahidi juhudi za kulitafuta.

Mwambie mzee wa Kingoni "vinasaba", naye analijua swali kabla hujalimaliza: huyu ni wa nani? Akishalijua swali anaweza kukubali kutoa sampuli, anaweza kukataa, anaweza kuuliza itatunzwa wapi na nani atayasoma majibu. Hicho ndicho ninachokitaka kwa programu pia.

Twende kwenye vitu anavyovishika mchunguzi. Kila ofisi Tanzania inajua kivuli: lete cheti halisi na kivuli chake. Karani wa kwanza aliyeita fotokopi kivuli alikuwa mtunzi. Kivuli kina umbo la mwenyewe na hakina undani wake, na hivyo hasa ndivyo fotokopi ilivyo. Picha ya skrini ya simu, inayoletwa mbele ya hakimu kama ushahidi wa mazungumzo ya WhatsApp, nayo ni kivuli, na ingefaa iitwe hivyo hivyo, ili kila mtu akumbuke kudai mwenye kivuli.

Mchunguzi wa barazani anahitaji kitu kingine. Diski aliyokabidhiwa haichezei. Huinakili yote, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, kwa kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, kisha hufanyia kazi ile nakala. Wengine huiita taswira. Taswira ni picha, na kwa wanafasihi ni picha ya akilini. Ukimwambia hakimu umechunguza taswira ya simu umemwambia kwamba simu hukuichunguza. Nakala tupu nayo ni dhaifu, kwa kuwa hata kivuli ni nakala. Nasema "nakala pacha". Pacha wanafanana kila kiungo na bado ni wawili, na anayemjeruhi mmoja hajamgusa wa pili. Tena neno hili linazaa swali papo hapo: mmejuaje kwamba ni pacha?

Jibu la swali hilo ni lakiri. Mchunguzi huipitisha diski yote kwenye kanuni ya hesabu. Ile iitwayo SHA-256 hutoa mstari wa alama 64. Pacha naye hupitishwa hivyohivyo. Ikibadilika herufi moja tu ndani ya faili moja, mstari mzima unakuja tofauti. Nimesikia watu wakiuita mstari huo "alama ya kidole". Naupinga usemi huo kwa nguvu zangu zote. Alama ya kidole humtambulisha mtu, na mshtakiwa akisikia kwamba alama ya kidole imekutwa kwenye diski ataamini kidole ni chake.

Lakiri ni ile nta iliyofunga barua na vifurushi, na jina lake wengi hulihusisha na lacre ya Kireno. Halijafa. Masanduku ya kura hufungwa kwa lakiri, na mawakala wa vyama huikodolea macho kabla haijakatwa. Mtanzania hahitaji kufundishwa maana ya lakiri iliyovunjwa. Mstari wa alama 64 basi na uwe "lakiri ya tarakimu". Swali la mshtakiwa linajitunga lenyewe: lakiri ilisomekaje siku mlipoichukua simu yangu, na leo inasomekaje?

Lakiri husema kitu hakikubadilika. Haisemi kilipitia kwa nani. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilidai maandishi yanayoonyesha kwa mfuatano jinsi kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa, kilivyochunguzwa, hadi mwisho wake. Mahakama nyingi zimeirejea hukumu hiyo. Wanasheria wetu husema "mnyororo wa ushahidi". Mnyororo kwa Kiswahili ni wa mfungwa na wa mbwa mkali. Haunionyeshi mtu akimpa mwenzake kitu. Makabidhiano yananionyesha. Kabidhi, kabidhiana, makabidhiano: ndani yake wapo wawili, mkono unaotoa na mkono unaopokea, na baina yao karatasi. Mwalimu mkuu aliyehamishwa kutoka Namtumbo kwenda Mbinga ameiandika hati ya makabidhiano. "Mfuatano wa makabidhiano" ni mrefu kidogo kuliko mnyororo, nami naukubali urefu huo.

Kielelezo sikigusi. Elea, eleza, eleleza, kielelezo: kitu kinachofanya jambo liwe wazi. Ni neno kamili.

Batli ndilo neno ninalotamani kulirudisha kuliko yote. Lipo kwenye kamusi za zamani likiwa la mabaharia: kumbukumbu ya mwendo wa chombo, iliyojazwa saa baada ya saa. Kompyuta nayo huandika kumbukumbu kama hiyo bila kuambiwa, nani ameingia, saa ngapi, amefungua nini, na Waingereza waliipa jina la ile ya melini. Sisi tukaandika "kumbukumbu", neno ambalo limekwishabeba kumbukumbu za kikao, kumbukumbu ya marehemu, namba ya kumbukumbu ya barua na kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Mzigo umezidi. Wengine wameandika "logi". Batli imekaa bure, ina silabi mbili, na nahodha wa Mbamba Bay ana haki ya kumwazima mchunguzi wetu akijua ni lake tangu mwanzo.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la uchaguzi wa urais, iliiagiza tume ya uchaguzi iruhusu wataalamu waone batli za mifumo yake kwa kusoma tu. Agizo halikutimizwa kikamilifu, na tarehe 1 Septemba matokeo yakafutwa. Wiki hizo Wakenya wote walijifunza kusema seva. Neno la mashine likaenea mpaka vijiweni. Neno la yale maandishi yaliyotakiwa kusomwa halikuenea, kwa sababu halikuwapo.

Hitilafu inanihangaisha zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kutofautiana. Ndiyo maana watu huhitilafiana. Mhandisi huitumia kwa kosa la programu: mfumo una hitilafu. Mkaguzi huitumia kwa hesabu zisizooana: kuna hitilafu kati ya daftari na fedha. Neno moja, na maana ya pili haisemi kosa ni la nani.

Uingereza iliona gharama ya jambo hili. Ofisi ya Posta ilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulipotofautiana na droo ya fedha, tofauti hiyo ilihesabiwa kuwa wizi wa mwenye kaunta, na zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani katika kesi zilizojengwa juu ya mfumo huo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzaa upungufu wa namna hiyo. Kwa miaka mingi mahakama zilidhani kompyuta iko sawa mpaka mtu aonyeshe kwamba haiko sawa, na waliotakiwa kuonyesha walikuwa watu wa kaunta za vijijini.

Nataka basi tuyatenganishe. Hitilafu ibaki pale ilipozaliwa, kwenye mambo mawili yasiyopatana, bila kumlaumu yeyote. Kosa la ndani ya programu liitwe kasoro, neno linalonyoosha kidole kwenye kitu chenyewe. Shahidi aseme "kuna hitilafu", na wakili amwulize "imetokana na kasoro, au na mkono wa mtu?" Kwa maneno mawili tuliyo nayo tayari, swali la Horizon lingeulizwa siku ya kwanza.

Futa inasema uongo, na uongo huo tumeuzoea. Mtu akifuta picha kwenye simu, mara nyingi kinachoondolewa ni jina lake kwenye orodha. Picha yenyewe yaweza kubaki mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine. "Mwanangu, picha za marehemu zimefutika," nimemsikia mama akimwambia fundi. "Hapana mama, zimefukiwa tu," akajibu kijana, naye akawa amenitungia istilahi. Fukia na fukua ni jozi ya zamani, kama ziba na zibua. Data iliyofukiwa yaweza kufukuliwa. Iliyoandikwa juu imekwenda. Futa ningeliachia hilo la pili. Najua simu hazitabadili kitufe chao kwa ajili yangu, lakini ripoti ya mchunguzi inaweza kutenganisha ilichofukia simu na ilichofuta.

Ushahidi ni neno letu lililosafiri kuliko yote katika fani hii. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha jukwaa la kukusanya taarifa za watu kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani. Wakaliita Ushahidi. Limetumika nchi nyingi baada ya hapo, na jina halikubadilishwa. Waandishi wa programu walijikuta watunza ushuhuda, na neno walilolihitaji walikuwa nalo mdomoni. Shahidi kwa Kiarabu ni mwenye kuona na pia mwenye kufa kwa ajili ya alichokiona. Kiswahili kimezihifadhi maana zote mbili.

Neno mtaalamu wengi hawalijui vizuri. Mwalimu ni muallim, mwenye kufundisha. Mtaalamu ni mutaallim, mwenye kujifunza. Elimu, taaluma na alama ni ndugu zao. Tulilichukua jina la mwanafunzi tukamvika bingwa, na sijutii, kwa maana mtu aliyegeukia uchunguzi baada ya miaka ya kuandika programu anaanza upya na sheria, viapo na maswali ya mawakili. "Shahidi mtaalamu" ni jina sahihi, kwa mpangilio huohuo: kwanza ni shahidi, anabanwa na kiapo kama mashahidi wengine.

Anachokitoa shahidi huyo, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inakiweka katika fungu la maoni ya wenye ujuzi maalumu wa sayansi, sanaa, mwandiko au alama za vidole. Maoni yamechoka. Tunayo sanduku la maoni, maoni ya wasomaji, maoni chini ya kila picha. Rai ni bora. Asili zao zinakutana kwenye macho, kwa kuwa maoni ni ya kuona na rai ya Kiarabu nayo ni ya kuona, lakini matumizi yameipa rai uzito: mwenye kutoa rai amesimama nyuma yake, na unaweza kumtaka aeleze ameifikiaje. Jaji halazimiki kuifuata.

Zeidman anajua hilo. Agosti 2021, huko Sioux Falls, mfanyabiashara Mike Lindell aliahidi dola milioni 5 kwa atakayethibitisha kwamba data aliyoionyesha haikuwa ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020. Zeidman aliichunguza, akatoa rai kwamba haikuwa. Wasuluhishi walikubaliana naye Aprili 2023, wakaamuru alipwe fedha hizo. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikaitengua tuzo yao, kwa hoja kwamba wasuluhishi walivuka mipaka ya maandishi ya shindano. Iliyotenguliwa ni tuzo. Juu ya rai ya data mahakama haikuwa imeulizwa.